Sauti Iliyovuja

Lubna alitoka ICU akitabasamu, nami nikajua siku yangu imeharibika. Watu hawatoki chumba kile wakitabasamu. Hutoka wakifuta pua, au wakimtafuta daktari, au wakiwa wamesahau walikoacha viatu. Yeye alivaa viatu vyake polepole, akautengeneza mtandio wake, kisha akanambia mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi:

"Uthman kanena nami."

"Kanena nini?" nikamuuliza.

"Kanena tu. Nimesikia sauti yake."

Akaketi, akatoa tasbihi, akaanza kuhesabu kama mtu aliyemaliza kazi. Nilitamani kumnyang'anya ile tasbihi.

Uthman ni mume wetu sote wawili, au kwa wakati ule niseme alikuwa mume wake na nusu mume wangu. Mimi Swafiya ndiye wa kwanza. Nilitoka kwetu Siyu nikiwa mwali, nikamkuta kijana anayevusha watu kwa mashua ya kuazima. Tulijinyima mpaka akawa na boti ya injini yake mwenyewe, inayopeleka wafanyakazi na wageni hoteli za Ras Kitau. Lubna wa Kipungani aliingia boti ikiwa imeshapakwa rangi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hiki kilikuwa na macho mazuri na vidole vya kusuka mikeka.

Mkeka ndio ulioniponza. Lubna alimsukia mkeka wa kitandani, wa rangi, kazi nzuri sana, sitamdhulumu. Uthman, kwa akili za wanaume, aliubeba begani kutoka Kipungani, akauleta nyumbani kwangu mjini, akautandika kwenye kitanda changu, akanambia ni mwororo kuliko godoro. Nilingoja atoke. Nikachukua mkasi wa kushonea, nikaukata mpaka ukawa wa kuwashia moto. Aliporudi akaona, akasema, "Swafiya, una talaka moja." Kisha akaenda kulala alikotoka mkeka.

Talaka moja si mwisho wa dunia. Mume akitamka ndani ya eda kwamba amekurejea, yamekwisha: wewe ni mkewe, bila posa wala mahari mapya. Asipotamka mpaka eda ikaisha, wewe ni mwanamke wa kando, na akikutaka tena ni harusi upya. Mimi nilijua kwamba neno la kurejea Uthman angelitoa kwa pumzi moja siku hasira zikimshuka. Lakini posa mpya ingelazimika kupita mikononi mwa Lubna, ambaye angekuwa ndiye mke peke yake, na Lubna asingeipitisha. Kwa hiyo nilikaa nyumbani nikahesabu tohara zangu za eda, hedhi baada ya hedhi, na kungoja zile hasira zishuke.

Homa ikawahi. Ilianza kwa kikohozi, ikawa nimonia, mapafu yote mawili yakajaa. Walimtia mashine ya kupumulia, kwanza kwa mpira uliopita mdomoni, na alipokawia kupata nguvu wakamtoboa shingo chini ya koromeo wakapitisha mpira mfupi hapo. Mdomo ukabaki huru, lakini bubu. Alikuwa akifungua macho, akichezesha midomo, na hakuna kilichotoka. Pumzi zake zote zilikuwa zinaingilia na kutokea shingoni.

Nilikwenda kwa ami yangu, Bwana Amini, anayesomesha chuo cha Kurani. Nikamuuliza kama ishara ya kichwa yatosha.

"Ishara ni ya bubu, mwanangu," alisema. "Uthman si bubu, ni mgonjwa. Rejea yataka tamko."

"Na akiwa hawezi kutamka?"

"Tumuombee apone."

"Na eda?"

"Eda haimngoji mtu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu Lubna aliponitolea tabasamu lake. Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia kwa zamu, yeye asubuhi, mimi mchana. Mume aliyekuwa hana sauti alikuwa ameipata asubuhi, akaitumia kwake. Kwangu mimi, niliyekuwa nahitaji neno moja tu, amebakisha nini? Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Zamu yangu ilipofika niliingia nikamkuta amelala, kichwa cha kitanda kimeinuliwa, mashine inamsukumia pumzi. Nikamwita, akafumbua macho. Nikangoja. Nikasikia kitu kooni mwake, kama maji yanayoanza kuchemka kwenye sufuria yenye kifuniko, kisha mguno. Mguno wa sauti yake.

Muuguzi wa zamu alikuwa Mueni, mtu wa bara, mwanamke mwenye miwani na maneno machache. Nilimwita nikamwambia mgonjwa ametoa sauti, na kwamba asubuhi vilevile alizungumza na mke mwenzangu. Sitasingizia kwamba nilifanya hivyo kwa kujali afya yake. Nilitaka kujua kama Lubna alisema kweli, na kama alifanya kosa, nilitaka akaripiwe.

Mueni hakufurahi hata kidogo. Aliangalia kama mpira umesogea shingoni, akakuta uko pale pale. Akanyonya mate mdomoni na kooni kwa kimpira cha mashine ya kunyonyea. Kisha akashika kijibofu kidogo kinachoning'inia kwenye uzi wa plastiki kando ya shingo, akakiunganisha na geji yenye mshale.

"Hewa imepungua sana," alisema. "Alizungumza asubuhi? Na hakuna mtu aliniambia?"

"Mwenzangu alifurahi," nikasema, kwa utamu.

"Bi Swafiya, huyu kwa saa hii hafai kutoa sauti. Sikiza. Ndani ya koo, huu mpira umezungukwa na puto dogo. Tunalijaza hewa kidogo lizibe pembeni. Hewa ya mashine yote inaenda kwa mapafu, na mate ya mdomo hayashuki huko. Puto likilegea, hewa inatoroka inapanda juu, inapita kwa nyuzi za sauti, ndio mnasikia anaongea. Lakini hiyo njia inavuja juu na chini. Hewa ikipanda, mate yanashuka. Hayo mapafu yamechoka. Yakipata mate tena, sijui."

"Basi litie hewa nyingi, lisivuje."

"Likikazwa sana linabana nyama ya ndani mpaka inakufa. Ndio maana napima. Sibonyezi kwa vidole nikakisia."

Akaongeza hewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akiangalia mshale, kidogo, tena kidogo. Yale maji ya kooni yakanyamaza. Na mguno pia ukanyamaza. Uthman alifungua mdomo akitaka kusema, na hapakuwa na kitu. Nilihisi kama nimefungiwa mlango usoni, na aliyeufunga ni mimi.

Mueni alipopima tena baadaye, hewa ilikuwa imeshuka. Akasema basi si kwamba halikujazwa vizuri, ni ile valvu ya kuingizia hewa iliyochoka, haishiki. Akaifungia kikoki kidogo cha plastiki ili ishike kwa muda, akamwambia daktari, na mpira mpya wa kipimo chake ukaagizwa uje kwa ndege. Mpaka ufike, alisema, puto litapimwa mara kwa mara, na kila mgonjwa akigeuzwa. Kisha akatuita sote wawili mlangoni, mimi na Lubna.

"Nyinyi ndio masikio yangu nikiwa kwa kitanda kingine," alisema. "Mkisikia sauti yake, au mkisikia maji kooni, au mashine ikilia, mniite hapo hapo. Msikae mkifurahia. Mama, wewe ulisikia ukanyamaza?"

Lubna aliinamisha macho. "Sikujua. Nalidhani ni nafuu."

"Ulidhani ni nafuu yako," nikasema mimi. Nilifurahi kumuona ametahayari, na furaha ile ilinishibisha mpaka magharibi. Jambo moja tu lilinishangaza. Nilidhani atanijibu, maana Lubna si wa kukosa jibu, lakini aliniangalia kwa muda, akafungua mdomo, kisha akaufunga akaenda zake.

Furaha ilipokwisha nikabaki na elimu. Sasa nilijua sauti ya Uthman inakokaa. Iko nyuma ya puto, na puto lina valvu mbovu. Eda yangu ilikuwa imebakisha siku za kuhesabika. Nikikaa kwenye kile kiti mchana, nilikuwa siangalii uso wake, naangalia koo. Sijawahi kuomba kitu cha mtu kiharibike, na sikuomba, lakini nilisikiliza kwa hamu ambayo Mungu anaijua. Kwa nini avujie zamu ya Lubna peke yake? Hata hewa ya hospitali ina upendeleo?

Mpira mpya ulifika kwa ndege ya asubuhi, ukawa unamngoja daktari amalize upasuaji. Mchana nikaingia zamu yangu. Mueni alipima puto mbele yangu, likawa sawa, kisha akaitwa kitanda cha pili ambako walikuwa wameleta mzee aliyezidiwa. Walikuwa wamemgeuza Uthman kabla ya kipimo kile, kumpumzisha mgongo. Huenda kile kikoki kilivutwa kikalegea. Mimi niliketi.

Maji yakaanza kuchemka kooni.

Uthman alifumbua macho akaniangalia, macho makubwa, yenye akili timamu. Akatoa mguno. Ilikuwa ni sauti.

Niliinama mpaka mdomo wangu ukakaribia sikio lake. Nilijua niliyoambiwa. Nilijua ni nini kinachoshuka wakati ile sauti inapanda.

"Uthman," nikasema, "nisikiza. Eda yangu yaisha. Nena umenirejea. Neno moja, kisha namwita muuguzi."

Akatikisa kichwa.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia. Akatikisa kichwa tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayefukuza nzi. Midomo yake ilihangaika, koo likachemka, na sauti ikatoka, nzito, iliyokwaruza, sauti ya mume wangu ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mkeka.

"Lubna," akasema.

Sina haja ya kuipamba. Iliniunguza. Mimi niliyemuomba neno, yeye ameokota pumzi ya wizi, akaitumia kulitaja jina lile. Nikanyanyuka kutoka sikioni mwake. Mashine ikaanza kulia. Akakohoa, mate yakaja na povu, na bado mdomo ulikuwa unahangaika kusema mengine. Nikasimama pale pale, nikiwa nimefunga mikono. Nilisema moyoni: kama ni Lubna, basi Lubna aje akuokoe.

Kisha akaniangalia kwa hofu. Nilimjua Uthman kwenye mawimbi ya kusi, nilimjua alipoungua mkono kwa injini, na sikuwa nimewahi kuiona hofu ile. Mkono wake ulitambaa juu ya shuka ukashika pindo la buibui langu. Mimi ni mtu wa wivu, watu wa Siyu wote wanajua, lakini wivu wangu haukufika kule. Nikaita, "Mueni!" na nikakimbia kumfuata kabla sauti haijafika.

Alikuja na daktari nyuma yake. Wakamnyonya mate, wakamsukumia pumzi kwa mfuko wa mkono, wakanitoa nje. Wakautoa mpira mbovu wakaweka mpya hapo hapo. Nilipoketi kwenye benchi Lubna alinifuata, akaniuliza kimetokea nini. Nikamwambia, "Kakuita weye," nikageuza uso. Akawa mweupe kama karatasi. Nilidhani ni uchungu wa mapenzi.

Mate yalikuwa yameshuka. Homa ikarudi, mapafu yakachafuka tena, wakampa dawa za usingizi ili mashine ifanye kazi yake bila kushindana naye. Mueni hakunilaumu. Aliuliza tu, "Ilianza kuvuja muda gani kabla ya kuniita?" nami nikasema muda mdogo. Akaliandika jibu langu kwenye faili.

Eda yangu iliisha Uthman akiwa usingizini. Nilitoharika, nikaoga, nikaketi kwenye kile kitanda kilichowahi kutandikwa mkeka, nikalia mpaka nikajichukia. Maji yakimwagika hayazoleki. Sikwenda tena hospitali. Mwenye mume ni yeye aliyetajwa, na akalale naye kwenye benchi. Nikafunga nguo zangu kwenye masanduku, nikamwambia ami yangu anitafutie boti ya Siyu.

Nilikuwa nafunga sanduku la mwisho Mueni aliponipigia simu.

"Bi Swafiya, mbona umepotea? Mzee wako yuko macho, ametoka kwa mashine. Yuko wodi ya kawaida. Leo tunamtoa hewa kwa puto, makusudi, tumeshampima kumeza. Amekuwa akitaja jina lako kwa midomo tangu jana. Kuja."

"Mimi si mkewe tena," nikasema.

"Hayo mtaongea huko. Mimi nimekuita kwa sababu mgonjwa anasumbua."

Nilikwenda. Nilivaa nikabu, nikajifunika mpaka vidole, maana mtu ambaye si mume wako hakuoni. Lubna alikuwa ameketi upande wa dirisha, na aliponiona akasimama, akaketi tena. Uthman alikuwa amekonda, ameinuliwa kwa mito. Mueni alimnyonya mate kwanza, taratibu, bila haraka, akasikiliza kifua. Kisha akachomeka bomba lake kwenye valvu, akaivuta hewa yote ya puto. Akamuonyesha aweke kidole juu ya tundu la mpira anapotoa pumzi.

"Sasa ongea," alimwambia. "Polepole. Leo unaruhusiwa."

Uthman akaweka kidole. Sauti ilitoka ikiwa na kutu.

"Mbona wajifunika?"

"Eda imekwisha, Bwana Uthman," nikasema. "Wewe kwangu ni mtu mbali."

Akatoa kidole akavuta pumzi, akakirudisha. "Eda gani? Mimi si nalikurejea."

"Lini?"

"Nilipopata sauti mara ya kwanza. Nilidhani nakufa. Nikamwambia Lubna: nimemrejea Swafiya, nimemrejea, kamwambie." Alikohoa, Mueni akamfuta, akaendelea. "Kisha ukaya kuniuliza tena. Nikatikisa kichwa. Nikataka kukwambia, muulize Lubna. Sauti ikanikatikia."

Mueni alikusanya vifaa vyake, akasema atarudi, akavuta pazia. Wodi nzima ilikuwa na kelele za wageni na vyombo vya chai. Nikamgeukia Lubna.

"Kweli?" nikamuuliza.

"Kweli," akasema. "Alitamka. Mara mbili, na eda yako haiyaisha. Nimeshuhudia, na kwa ami yako nitakwenda niyaseme, hata kwa kadhi." Alikuwa analia bila kujifuta. "Siku ile Mueni alipotuita mlangoni, nilitaka kukwambia. Ukanisimanga. Nikasema, basi na akae hivyo hivyo."

"Nilisimama pale," nikamwambia, "nikimwangalia anakabwa na mate. Nikingoja neno. Neno alilokwisha kulitoa, na weye ulikuwa nalo."

"Najua."

"Angekufa, Lubna."

"Najua. Tangu siku ile silali." Kisha akainua uso, macho mekundu, akaniuliza bila ukali wowote, "Na ingekuwa weye? Ukasikia asema, nimemrejea Lubna. Ungenambia?"

Nilikuwa na jibu zuri mdomoni, la mwanamke mcha Mungu, la mke mkubwa. Nilimwangalia Uthman, aliyekuwa amefumba macho, kidole bado kiko shingoni, akisikiliza.

"Nisingekwambia," nikasema.

Nikafungua nikabu, nikaishusha chini ya kidevu. Uthman akafumbua macho akaniangalia uso, nami nikamwacha aangalie mpaka atosheke, na kwa pembe ya jicho nilimuona Lubna anageukia dirishani.